Wally Byam

Wally Byam (jina kamili: Wallace Merle Byam, Baker City, Oregon, 4 Julai 1896 – 22 Julai 1962) alikuwa mfanyabiashara, mbunifu na kiongozi wa misafara kutoka nchini Marekani. Anajulikana hasa kama mwanzilishi wa Airstream, kampuni inayotengeneza trela za safari zenye mwili wa alumini unaong'aa na pembe za mviringo.

Barani Afrika anakumbukwa kwa msafara wa trela 41 aliouongoza kutoka Cape Town hadi Cairo katika miaka 1959–1960. Msafara huo ulipita katika nchi kadhaa zikiwemo Kongo, Uganda, Kenya na Ethiopia, mara nyingi kwenye barabara za udongo na mawe ambako gereji ya karibu ilikuwa mbali kwa mamia ya kilomita.

== Maana ya trela ya safari ==

Katika Afrika ya Mashariki neno "trela" kwa kawaida humaanisha tela la mizigo linalovutwa na lori, kama yale yanayopanga foleni kwenye mpaka wa Tunduma mkoani Songwe. Trela alizozitengeneza Byam ni za aina nyingine. Ni nyumba ndogo juu ya magurudumu, yenye vitanda, jiko, meza na tangi la maji, ambayo huvutwa na gari la kawaida au pikapu. Msafiri akifika anapotaka kulala, husimamisha trela, huitegemeza kwa jeki na kuishi ndani yake.

Hata hivyo, sehemu za chini za trela hizo zinafanana na za trela ya mizigo: fremu ya chuma, ekseli, springi, beringi, breki na kiungo cha kuiunganisha na gari linalovuta. Kwa hiyo matatizo yao njiani pia yanafanana.

== Maisha ya awali ==

Byam alizaliwa katika mji wa Baker City, jimbo la Oregon, magharibi mwa Marekani. Akiwa mtoto alisafiri mara nyingi na babu yake, aliyeongoza misafara ya nyumbu wa kubeba mizigo. Alipokuwa kijana alifanya kazi ya kuchunga kondoo. Wakati huo aliishi katika mkokoteni wa magurudumu mawili uliovutwa na punda. Ndani yake kulikuwa na jiko la mafuta ya taa, chakula, maji na matandiko. Waandishi wengi wa maisha yake huuona mkokoteni huo kuwa mwanzo wa wazo lililomfanya awe maarufu.

Baada ya shule ya sekondari alijiunga na meli za biashara. Alianza kama mtumishi wa vyumba vya meli, na katika muda wa miaka mitatu alipanda hadi kuwa afisa msaidizi. Kisha akasoma katika Chuo Kikuu cha Stanford, jimboni California, huku akifanya kazi ili kujilipia masomo. Alihitimu mwanzoni mwa miaka ya 1920. Baada ya hapo alifanya kazi ya matangazo ya biashara mjini Los Angeles, halafu akaingia katika uchapishaji wa magazeti.

== Kutoka mhariri hadi fundi ==

Gazeti mojawapo la Byam lilikuwa la watu wanaopenda kujitengenezea vitu nyumbani. Lilichapisha makala yenye michoro ya kutengeneza trela ya safari. Wasomaji waliofuata michoro hiyo walilalamika kwamba haifanyi kazi. Byam aliamua kuijaribu mwenyewe, akakuta kwamba walikuwa na haki. Badala ya kuomba radhi tu, alianza kutafuta namna bora ya kuunda trela.

Jaribio lake la kwanza lilikuwa hema lililowekwa juu ya chasisi ya gari la Ford Model T. Kulisimamisha na kulikunja kila siku kulichosha, na siku za mvua ilikuwa taabu zaidi. Tena mke wake wa kwanza, Marion, hakutaka kusafiri bila jiko. Byam akajenga juu ya chasisi hiyo chumba kigumu chenye umbo la tone la maji, ndani yake akaweka jiko dogo na sanduku la barafu la kuhifadhia chakula.

Watu waliokutana na trela hiyo barabarani walivutiwa nayo. Byam aliandika makala kuhusu namna ya kuitengeneza na kuuza michoro kwa dola moja. Baadaye majirani walimwomba awatengenezee, naye akaanza kuunda trela nyuma ya nyumba yake mjini Los Angeles. Mwaka 1931 huhesabiwa kuwa mwaka wa kuanzishwa kwa kampuni yake.

Badiliko mojawapo kubwa alilolifanya lilikuwa kushusha sakafu ya trela katikati ya magurudumu na kuinua paa. Trela nyingi za wakati ule zilikuwa na sakafu juu ya ekseli, hivyo mtu mzima alilazimika kuinama akiwa ndani. Katika trela za Byam aliweza kusimama wima na kupika.

Jina Airstream, lenye maana ya mkondo wa hewa, lilianza kutumika katikati ya miaka ya 1930. Byam alilichagua kwa sababu ya umbo la trela lililokusudiwa kupita hewani bila kizuizi kikubwa.

== Trela ya alumini ==

Trela za kwanza za Byam zilitumia mbao. Matumizi ya alumini katika trela za safari yanahusishwa na William Hawley Bowlus, mtengenezaji wa ndege zisizo na injini. Bowlus aliwahi kusimamia ujenzi wa ndege ya Spirit of St. Louis, ambayo Charles Lindbergh alivukia bahari ya Atlantiki mwaka 1927. Mwaka 1934 alitoa trela ya alumini iliyojengwa kwa mbinu za ndege. Byam alishirikiana naye kwa muda katika kuuza trela hizo. Biashara ya Bowlus haikudumu na ilifilisika.

Mnamo Januari 1936 Byam alitoa trela yake ya alumini iliyoitwa Clipper. Iliweza kulaza watu wanne na ilikuwa na tangi lake la maji na taa za umeme. Bei yake ilikuwa dola 1,200, ambazo zilikuwa fedha nyingi wakati wa Mdororo Mkuu wa uchumi. Pamoja na hayo, maagizo yalizidi uwezo wa kiwanda. Katika miaka hiyo kulikuwa na mamia ya watengenezaji wa trela nchini Marekani. Karibu wote walitoweka baadaye, lakini Airstream imedumu hadi leo.

Vita vikuu vya pili vya dunia vilisimamisha kazi. Alumini ilihitajika kwa ajili ya ndege za kijeshi, na safari za starehe zilipungua kwa uhaba wa petroli na tairi. Byam alifunga kiwanda na kufanya kazi katika viwanda vya ndege. Baada ya vita alirudi kwenye trela, na mwishoni mwa miaka ya 1940 kampuni ya Airstream ilikuwa imefufuka. Mwaka 1952 ilifungua kiwanda cha pili huko Jackson Center, jimbo la Ohio, ambako makao yake yapo hadi sasa.

== Misafara ==

Kuanzia mwaka 1951 Byam alianza kuongoza misafara ya wateja wake. Msafara wa kwanza ulikwenda Mexiko na Amerika ya Kati. Zaidi ya trela 60 zilianza safari, lakini nyingi ziliharibika au zilirudi kabla ya mwisho kutokana na ubovu wa barabara. Byam mwenyewe alikaribia kuapa kutorudia tena, lakini baada ya muda mfupi alikuwa akipanga safari nyingine.

Misafara hiyo ilikuwa tangazo kubwa la biashara, kwa sababu picha za trela zinazong'aa mbele ya majengo maarufu zilichapishwa katika magazeti mengi. Pia ilikuwa njia ya kupima bidhaa. Kilichovunjika barabarani kilijulikana mara moja, kwani mwenye kampuni alikuwa palepale pamoja na mteja aliyekwama. Mafunzo ya njiani yalirudishwa kiwandani, ambako fremu, viungo, matangi na mifumo ya umeme iliboreshwa. Kufikia mwaka 1957 Airstream ilikuwa ikiuza trela iliyoweza kujitegemea kwa maji, choo, gesi na umeme bila kuunganishwa na huduma za nje.

Mwaka 1955, wakati wa msafara wa Kanada ya mashariki, washiriki walianzisha klabu iliyopewa jina la Byam katika mji wa Kentville, Nova Scotia. Binamu yake, Helen Byam Schwamborn, alikuwa na nafasi kubwa katika kuiendesha. Mwaka 1956 msafara mwingine ulizunguka Ulaya.

== Cape Town hadi Cairo ==

Safari iliyompatia Byam sifa kubwa zaidi ilianza Afrika Kusini mwaka 1959. Magari na trela 41 vilisafirishwa kwa meli hadi Cape Town. Washiriki walikuwa zaidi ya 100, wengi wao wakiwa Wamarekani wenye uwezo wa kifedha, na baadhi walikuwa wastaafu. Kwa hesabu ya kampuni, safari ilichukua siku 221 na kufikia takriban maili 14,000, yaani karibu kilomita 23,000.

Wazo la njia moja kutoka Cape hadi Cairo lilikuwa la zamani. Wakoloni Waingereza walilipigania tangu karne ya 19, na barabara iliyoitwa Barabara Kuu ya Kaskazini ilikuwa sehemu ya ndoto hiyo. Siku hizi barabara kuu ya Cairo–Cape Town katika orodha ya barabara kuu za Afrika inapita Nakonde nchini Zambia, inavuka mpaka Tunduma, kisha inaendelea Mbeya, Iringa, Dodoma na Arusha hadi Nairobi. Msafara wa Byam ulifuata pia njia ya magharibi zaidi: baada ya Rhodesia ya Kusini na Rhodesia ya Kaskazini (leo Zimbabwe na Zambia) uliingia Kongo ya Kibelgiji, halafu Uganda na Kenya.

Wakati ule nchi hizo zote zilikuwa chini ya utawala wa kikoloni. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960, Uganda mwaka 1962, Kenya mwaka 1963 na Zambia mwaka 1964. Kwa hiyo wasafiri walipita Afrika ya zamani katika miezi yake ya mwisho. Miaka michache baadaye mipaka, vibali na sarafu vilikuwa vimebadilika.

=== Matatizo ya njiani ===

Katika barabara za udongo mvua iligeuza njia kuwa tope, na trela zilizama hadi kwenye ekseli. Katika barabara kavu mawimbi madogo ya ardhi yalitikisa kila kitu kwa saa nyingi mfululizo. Mtikisiko wa aina hiyo hulegeza skrubu za makabati, hupasua mabomba ya maji, huvunja majani ya springi na kuchosha chuma cha kiungo kinachobeba uzito wa trela.

Sehemu ngumu kuliko zote ilikuwa kati ya Kenya na Addis Ababa. Kaskazini mwa Kenya ni nchi kame yenye mawe ya volkeno, na lami kutoka Isiolo hadi Moyale ilikamilika katika karne ya 21 tu. Mwaka 1959 sehemu za njia upande wa Ethiopia hazikustahili kuitwa barabara.

Katika hali hiyo mtu hawezi kutegemea gereji. Msafara wa namna hiyo hulazimika kubeba spea zake, na mafundi husafiri pamoja na wengine. Kazi ngumu kama kulehemu fremu iliyopasuka husubiri mji wenye umeme na vifaa, na spea maalumu kutoka Marekani huweza kuchukua wiki nyingi kufika. Kwa upande mwingine, springi za majani ni kifaa ambacho mafundi wa malori wanakifahamu karibu kila mahali, hivyo jani lililovunjika linaweza kubadilishwa kwa kukata la gari jingine.

=== Ethiopia na Misri ===

Msafara ulifika Addis Ababa, na Kaisari Haile Selassie aliwapokea wasafiri. Kutoka huko ulielekea Sudan na kisha Misri. Picha ya trela za fedha zikiwa zimeegeshwa jangwani mbele ya piramidi za Giza mwaka 1960 ni mojawapo ya picha maarufu zaidi katika historia ya kampuni.

== Ujenzi na matengenezo ya trela zake ==

Trela nyingi za wakati wa Byam bado zinatumika au zinafanyiwa ukarabati. Sababu moja ni namna zilivyojengwa. Mwili wake ni mabati membamba ya alumini yaliyofungwa kwa ribiti kwenye mbavu za alumini, kama mwili wa ndege. Bati lenyewe husaidia kubeba uzito. Mwili huo huketi juu ya sakafu ya plaiwudi na fremu ya chuma.

Alumini haioti kutu kama chuma, lakini sehemu nyingine huoza. Maji hupenya kwenye maungio, madirisha na matundu ya paa, halafu hushuka ndani ya kuta bila kuonekana. Plaiwudi ya pembeni huoza kwanza, hasa karibu na mlango na upande wa nyuma. Chini yake fremu ya chuma hupata kutu. Mahali ambapo chuma na alumini vinagusana penye unyevu, alumini nayo huliwa. Ndiyo maana trela inaweza kung'aa nje huku sehemu ya nyuma ya mwili ikiwa imeachana na fremu. Mafundi wenye uzoefu hupima sakafu kwa msumari au bisibisi kabla ya kutoa bei.

Ukarabati kamili huhitaji kuinua mwili wote kutoka kwenye fremu, kulehemu au kubadilisha vyuma, kuweka sakafu mpya na kurudisha mwili mahali pake. Bati lililopasuka kwa kawaida halilehemiwi, kwa sababu joto hudhoofisha alumini nyembamba. Hukatwa na kuwekwa kiraka kwa ribiti. Kugonga ribiti za aina ya zamani ni kazi ya watu wawili: mmoja hugonga nje, na mwingine hushikilia kipande cha chuma ndani.

Kuanzia mwaka 1961 Airstream ilianza kutumia ekseli zenye fimbo za mpira ndani yake badala ya springi za majani. Zilifanya trela itembee kwa utulivu zaidi, lakini mpira hukauka kadiri miaka inavyopita. Ukishakauka haurekebishwi, na ekseli nzima hubadilishwa. Fundi wa kawaida wa gereji anaweza kushughulikia beringi, grisi, breki na tairi, lakini kazi ya mwili na ekseli hizo mara nyingi huhitaji karakana maalumu. Kwa sababu hiyo wamiliki wengi wa trela za zamani hujifunza kufanya sehemu kubwa ya kazi wao wenyewe, kama wasomaji wa gazeti la Byam walivyojaribu kufanya.

== Miaka ya mwisho na urithi ==

Mwaka 1960 Byam alitoa kitabu *Trailer Travel Here and Abroad*, chenye ushauri na habari za misafara yake. Alisafiri na mke wake wa pili, Estelle, aliyejulikana kama Stella. Walitumia trela yenye rangi ya dhahabu, ili iweze kutambulika kati ya nyingine zote zenye rangi ya fedha.

Byam aliugua saratani ya ubongo na kufariki tarehe 22 Julai 1962, akiwa na umri wa miaka 66. Wakati huo msafara wa kuzunguka dunia ulikuwa haujaanza. Wanachama wa klabu waliutekeleza bila yeye katika miaka 1963–1964, kutoka Singapore hadi Lisbon nchini Ureno.

Mwaka 1969 trela iliyojengwa na Airstream ilitumiwa na shirika la NASA kuwatenga wanaanga wa Apollo 11, Neil Armstrong, Buzz Aldrin na Michael Collins, baada ya kurudi kutoka mwezini. Klabu yenye jina la Byam inaendelea kuwepo, ingawa jina lake limebadilishwa kuwa klabu ya kimataifa ya Airstream, na bado hupanga misafara.

Safari ya Cape Town hadi Cairo inatazamwa leo kwa namna mbili. Kwa wapenzi wa trela ni ushahidi kwamba nyumba ya magurudumu inaweza kupita pasipo na barabara, mradi wenyewe wawe tayari kuitengeneza. Kwa wasomaji wa historia ya Afrika ni pia kumbukumbu ya wasafiri matajiri waliopita katika makoloni yaliyokuwa karibu kupata uhuru. Njia iliyokuwa tukio la kipekee kwa trela 41 sasa ina sehemu kubwa zenye lami, na kwenye mipaka kama Tunduma na Moyale hupita trela za mizigo kila siku.

== Tazama pia ==

* Barabara kuu ya Cairo–Cape Town
* Tunduma
* Haile Selassie